Lambo Lisilonyweka

Wiki tuliyomzika Shangazi Kwandu tulikuwa wengi kuliko vitanda, kwa hiyo mimi na mabinti wawili wa kaka yangu tulipelekwa kulala kwenye hoteli mpya hapo Bariadi mjini, hoteli yenye bwawa la kuogelea nyuma ya jiko. Siku hizi Bariadi ni makao makuu ya mkoa, na mkoa nao una mambo yake. Kuna watu wanaoagiza chipsi wakiwa ndani ya maji. Asubuhi baada ya kuanua matanga, yule mdogo, Tabu, alijitupa bwawani kabla hata ya chai. Mkubwa wake, Wande, alikaa ukingoni amekunja miguu, kanga ameizungusha kiunoni mara mbili, akasema hajisikii. Nilimtazama nikacheka, wala si kwa kumdhihaki. Mkao ule naufahamu vizuri mno. Nikamsogelea nikamwambia kwa sauti ya chini, "Uko kwenye siku zako." Akatazama kulia na kushoto kama mwizi wa kuku. "Shangazi, kwani inaonekana?" Nikamwambia haionekani, ni mkao ndio unaosema. Akauliza bila kunitazama: "Hivi mtu anaweza kuingia akiwa hivi?" Swali jepesi. Wakati wangu, kulijibu kulihitaji kikao cha wanawake, mlinzi mwenye rungu na mtamba mmoja wa ng'ombe.

Nilikuwa na miaka kumi na sita, na ulikuwa mwaka ule wanunuzi binafsi waliporuhusiwa kununua pamba. Sitaeleza nilivyofika kwa Shangazi wala nani alinileta. Ilitokea, kama inavyotokea kwa watoto wengi, na nikakaa. Zamani pamba yetu ilikuwa na mlango mmoja tu, wa ushirika. Mwaka ule ghafla malori yenye rangi mbalimbali yalianza kupishana kwenda Dutwa na Sapiwi, na kila kampuni ilijenga ghala lake na kuweka mizani yake. Shangazi hakupoteza wakati. Alisimamisha banda la mama lishe mbele ya geti la kampuni mojawapo, mabati juu na mikeka pembeni, akawa anapika wali, ugali wa mtama, mlenda, dagaa, na siku za soko nyama ya kuchemsha. Asubuhi chai iliandamana na matobolwa, viazi vitamu vilivyochemshwa na kukaushwa, ambavyo madereva wa kutoka mbali walivitafuna kwa mashaka mwanzoni kisha wakawa wanaviulizia kabla ya kushuka garini. Mimi kazi yangu baada ya shule ilikuwa kuchambua mchele nyuma ya mkeka. Hakuna sehemu nzuri ya kusikilizia mazungumzo ya watu kama nyuma ya mkeka, na mimi nilizaliwa na masikio yasiyotosheka.

Nyumbani tulikuwa na chumba kimoja chenye vitanda viwili, na mimi na Shangazi tulilala kwenye kimoja. Kile cha pili kilikuwa cha Mbula, binti yake wa pekee. Kilitandikwa vizuri, chandarua kimefungwa fundo juu yake, na kila Jumapili Shangazi alikung'uta shuka na kulitandika tena. Mbula alichukuliwa na maji masika yaliyotangulia, kwenye korongo la njia ya Dutwa, lile ambalo miezi tisa ya mwaka ni mchanga mtupu na watoto wanachezea mpira humo. Alikuwa anarudi kutoka kwa rafiki yake, maji yakamfika magotini, kisha ghafla yakamfika kifuani. Waliokuwa ng'ambo walimwona. Hakuna aliyejua kuogelea, na kusema kweli ni nani angejua? Kwetu maji yakiwepo yanaua, yasipokuwepo ni vumbi. Shangazi hakuwahi kunisimulia habari hiyo. Niliipata kwa vipande, nyuma ya mkeka.

Ndani ya uzio wa kampuni meneja alijengewa nyumba, na nyuma ya nyumba likachimbwa bwawa la kuogelea, labda kwa sababu alikotoka alizoea. Mji mzima ulikwenda kuchungulia. Walilitazama wakakubaliana kwamba ni lambo. Kwetu lambo ni shimo kubwa linalochimbwa ili mvua ilijaze, watu wachote na ng'ombe wanywe hadi kiangazi kiishe. Hili lilikuwa na vigae vya bluu na ngazi ya chuma, lakini ni shimo lenye maji, na shimo lenye maji ni lambo. Wakaliita lambo la kampuni. Na lambo lina masharti yake. Huingii na sabuni. Hufulii nepi humo. Na mwanamke aliye mwezini hagusi maji yake. Anamtuma mwenziwe amchotee, kama vile ambavyo nyumbani kwa Shangazi mtu aliye mwezini hakukatiza zizini wala hakukamua. Hakuna aliyetufundisha masharti hayo tukiwa tumeketi darasani. Tuliyajua tu, kama tunavyojua upande wa kulia.

Mhasibu wa kampuni alikuwa mwanamke wa Tanga, Dada Zuhura, mrefu, mwenye miwani na mcheko wa kelele, aliyekula kwetu kila mchana na kumfundisha Shangazi kutia nazi ambazo hazikuwepo. Siku moja aliuliza kwa nini nyumba yenye vitanda viwili inalaza watu kwenye kimoja tu. Nadhani alikuwa amesikia habari ya vitanda. Nyuma ya mkeka nikaacha kuchambua. Shangazi alijibu kwa maneno machache, mto, masika, basi. Dada Zuhura aliweka kijiko chini. Halafu akasema meneja haogelei hata kidogo, maji yanakaa bure, na yeye aliogelea tangu utotoni. Angeomba ruhusa awafundishe wasichana Jumamosi mchana. Nilitegemea Shangazi aseme yaya, hapana kabisa, mimi na maji tumeachana. Akamimina chai. Akasema, "Mchukue Minza," yaani mimi.

Tulikuwa watano, pamoja na rafiki yangu Holo ambaye alikuwa mwoga kuliko mimi na mwenye maneno kuliko mimi. Tuliogelea na fulana nyeusi na kaptula za michezo za shule. Kabla ya kuingia tulioga kwanza bombani, jambo lililotushangaza: unaoga ili ukaoge? Tulijifunza kupuliza mapovu, kisha kuelea, kisha kupiga miguu tukishika ukingo. Mimi nilikuwa na tamaa moja tu: kuvuka kutoka upande wa ngazi, ambako nilisimama vizuri, hadi ule upande wa pili ambako vigae vilikuwa na rangi ya bluu iliyoiva na miguu haikupata kitu. Dada Zuhura alisema msimu wa pamba ukifungwa bwawa litamwagwa, na wala hajui kama mwakani atarudishwa Bariadi. Kwa hiyo tulikuwa na msimu mmoja. Niliyaota maji yale, naapa. Darasani mwalimu alipogeuka ubaoni nilikuwa nafanya mazoezi ya mikono chini ya dawati.

Kila Jumamosi niliporudi, nywele zikinuka dawa ya maji, Shangazi aliniwekea chakula, akakaa mbele yangu na kuuliza swali lilelile. "Ukiwa chini kabisa unasikia nini?" Mara ya kwanza nilisema sisikii kitu. Akauliza, "Hakuna mvumo? Hakuna kishindo?" Mara nyingine nilimwambia masikio yanaziba, mara nyingine nikamwambia nasikia mapovu. Nilidhani ni udadisi tu, maana hata mimi nilikuwa hivyohivyo, na nilijibu mdomo ukiwa umejaa wali.

Kisha mwezi ukanikuta Jumamosi. Hakuna aliyekuwa ametaja jambo hilo. Dada Zuhura alitusahihisha mikono, miguu na pumzi, lakini hapo hakufika, na sisi tungekufa kabla ya kuuliza. Nilifikiri kwa akili yangu yote. Kukaa pembeni ilikuwa sawa na kutangaza. Kutokwenda ilikuwa kupoteza Jumamosi moja, nami nilikuwa nimebakiza kipande kidogo tu cha kuvuka. Sharti la lambo nililijua, lakini nikajiambia kwamba kitambaa kikifungwa vizuri, maji hayatajua. Pedi za dukani wakati ule zilianza kuonekana Bariadi, lakini kwetu tulitumia vipande vya kanga kuukuu, vilivyokunjwa na kushikizwa kwa pini kwenye uzi wa kiunoni. Nikakunja mara mbili ya kawaida, nikakaza uzi hadi nikawa napumua kwa hesabu, nikaingia. Mnajua kitambaa kinavyofanya ndani ya maji? Kinakunywa. Nilikuwa katikati ya bwawa nikahisi nimebeba tofali, kisha pini ikaachia. Nilipogeuka, kipande cha kanga ya Shangazi, ya njano yenye maua ya korosho, kilikuwa kinaelea taratibu kwenda kwa Holo. Hakuna mteja wa banda letu ambaye hakuijua kanga ile. Mzee Masunga, mlinzi, alikuwa amesimama ukingoni na rungu lake. Alipuliza filimbi kana kwamba ghala linaungua.

Nilitamani yale maji yanifunike moja kwa moja. Dada Zuhura aliruka ndani na nguo zake, akanifunika kwa taulo, akanipeleka bafuni kwake. Alikuwa amekasirika, nami nikadhani ni kwa sababu yangu, kumbe alikuwa anajilaumu. "Mimi ndiye mjinga," alisema mlangoni. "Nimewafundisha kuelea, nikasahau kwamba ninyi ni wanawake."

Kesho yake baada ya kanisa walikuja bandani: Mzee Masunga, Mama Holo na jirani mmoja mnene aliyefuata umbeya. Shangazi alinituma nyuma ya mkeka na ungo, mahali pangu pa siku zote, ila siku hiyo nilichambua mchele uleule mara tatu. Mzee Masunga alisimama kama yuko baraza la kijiji. Alisema lambo limeharibiwa. Wasichana wote waliokuwa ndani wako hatarini kutozaa, na yeye ndiye mlinzi, akiulizwa atasema nini? Mama Holo alilia kidogo, akasema hajamleta binti mjini aje kuwa tasa kwa ajili ya michezo ya watu wa pwani. Walitaka jambo moja: wasichana wasiingie tena, hata mmoja. Shangazi alimtuma mtu akamwite Dada Zuhura, na alipofika akampa kiti na sahani ya matobolwa, maana hata mshitakiwa anakula.

Dada Zuhura alieleza kwa upole, bila kuwacheka. Damu ya hedhi si sumu, ni damu tu. Maji yale yana dawa ya kuua vijidudu, inatiwa kila siku, ndiyo maana macho yanawasha. Hakuna anayekosa kuzaa kwa kuogelea na mwenziwe aliye mwezini. Ila kitambaa na pedi hazifai majini, kwa sababu zinajaa maji na kuvimba, haziwezi kushika tena damu. Na wapo wanaodanganywa kwamba ukiingia majini damu inakatika, kumbe inapungua tu kwa sababu ya mkandamizo wa maji, ukipanda ngazi inarudi. Mzee Masunga aliinamia rungu lake wakati wote huo, kwa aibu. Mama Holo akasema, "Ni maneno ya vitabu hayo. Lambo ni lambo."

Hapo ndipo Shangazi alipofungua mdomo. Aliuliza polepole, kwa sauti ya mtu anayenunua mbuzi. "Zuhura, maji yale yananyweka?" Dada Zuhura akasema hapana, ukiyanywa mengi tumbo litakuuma. "Hata kwa chai?" Hata kwa chai. "Na ng'ombe je?" Dada Zuhura akasema hajui mambo ya ng'ombe. Halafu Mzee Masunga akakohoa na kusema, akiwa bado ameinama, "Hawayataki." Wote wakamgeukia. Ikabidi aseme. Kiangazi kilikuwa kikali, yeye ana mtamba mmoja mzuri wa kuolea, na kila siku anazunguka maji mengi hivyo yasiyo na mnywaji, roho ilimuuma. Asubuhi moja alimwingiza kupitia geti la nyuma. "Akanusa," alisema, "akapiga chafya, akanitazama mimi kama mtu mbaya. Nikamchotea kwenye ndoo, akaipiga teke." Jirani mnene alicheka hadi akashika nguzo. Hata Mama Holo alificha mdomo kwa upindo wa kanga. Nami nyuma ya mkeka nilimwaga mchele.

Shangazi hakucheka. "Basi si lambo," alisema. "Sharti lile wazee waliliweka kwa sababu maji tunayanywa, sisi na mifugo. Nani anataka kunywa uchafu wa mwenziwe, awe mwezini au asiwe? Mimi mwenyewe nitalishika hadi nife. Lakini kitu ambacho hanywi mtu wala hanywi ng'ombe, mnakiwekea sharti la lambo kwa nini? Hilo ni beseni kubwa." Mama Holo akataka kujibu, Shangazi akamwinulia kiganja. "Na jambo jingine, mayu, mama mwenzangu. Mbula alipoingia kwenye korongo alikuwa kwenye siku zake. Mimi ndiye niliyemfungia kitambaa asubuhi ile. Mto haukumuuliza." Nakumbuka sauti ya sufuria ikichemka na mfuniko ukigonga. Mama Holo aliondoka bila kuaga, lakini Jumamosi iliyofuata Holo alikuja na kaptula yake.

Lilibaki suala la kitambaa, na hilo Shangazi alilichunguza peke yake kama mtu anayekagua pamba yenye mchanga. Dada Zuhura alileta boksi dogo aliloletewa kutoka Nairobi, akatoa tamponi moja, kitu kama kidole cha mtoto cha pamba kilichobanwa, chenye uzi mkiani. Shangazi alikigeuza. "Pamba yetu hii?" Akakitumbukiza kwenye glasi ya maji akakitazama kikifumka. Maswali yake yalikuwa mengi, nami nashukuru hadi leo kwamba aliyauliza mbele yangu. Kinapotelea ndani? Hakipotei, njia haiendi mbali, na uzi unabaki nje. Kinaharibu ubikira? Akajibiwa kwamba ubikira ni habari ya kulala na mwanamume, si habari ya pamba. Kinakaa muda gani? Saa nne hivi, kisizidi nane kwa hali yoyote, na akitoka majini akibadilishe, maana uzi unalowa. Mikono inawe kwa sabuni kabla na baada, hakitupwi chooni, kinafungwa karatasi na kuchomwa. Nguo mbichi avue mara moja, aoge, avae kavu. Akipata homa au kizunguzungu akiwa nacho, akitoe aende hospitali. Na siku tumbo likimkaba sana, akae pembeni bila kumweleza mtu sababu. Shangazi alisikiliza yote, kisha akanigeukia. "Mimi nisingekitumia hiki kizibo. Wewe unasemaje?" Sikuzoea kuulizwa. Nilisema nataka kuvuka.

Jumamosi ya mwisho ya msimu nilikuwa mwezini tena, na safari hii nilijua. Nilifungiwa bafuni kwa Dada Zuhura, mguu mmoja juu ya ndoo, yeye nje ya mlango akinielekeza kama dereva anayerudisha lori nyuma. "Legeza. Elekeza mgongoni, si juu. Ukikisikia kinakukwaruza hakijafika." Cha kwanza kilianguka sakafuni. Cha pili nilikiweka vibaya, nikatembea hatua mbili kama bata. Cha tatu sikukisikia kabisa, nikakaa nikiwaza kimekwenda wapi, nikashika uzi kuhakikisha. Nilipotoka nilimkuta Shangazi amesimama ukingoni mwa upande wa kina, amevaa kitenge chake cha kanisani. Kabla ya siku hiyo hakuwahi kuja hata mara moja.

Nilivuka. Siwezi kusema nilivuka vizuri. Nilimeza maji, nikapiga miguu ovyo, katikati nikahisi ubaridi ule wa mahali pasipo na chini, na moyo ukanidunda hadi nikausikia masikioni. Kisha mkono ukagusa kigae. Nilipoinua kichwa nilikuwa chini ya miguu ya Shangazi, na Holo alikuwa anapiga kelele kana kwamba yeye ndiye aliyevuka. Sikuwa nimewahi kufurahi namna ile, na kwa kweli mara nilizofurahi hivyo baadaye nazihesabu kwa vidole.

Wande alinisikiliza hadi hapo bila kunikatiza, chai yake ikipoa, kisha akaniuliza duka la dawa linafungua saa ngapi. Nikamwambia tayari limefungua. Alipokwenda nilibaki nikimtazama Tabu akipiga mbizi, akipotea, akiibuka, na nikawaza yale ambayo sikumsimulia.

Jumamosi ileile, wasichana wengine walipokwisha kuvaa, Shangazi alivua viatu. Alisema, "Mimi hata kisingizio sina, nilishakoma zamani." Tulidhani anatania. Akashuka ngazi na kitenge chake, kidato kwa kidato, kikajaa hewa kikamzunguka kiunoni, Dada Zuhura akamshika mkono huu na mimi ule. Maji yalipomfika kifuani alisimama. Alitetemeka, nikamwambia, "Shangazi, tutoke." Akatikisa kichwa. Akaniuliza pumzi inashikwaje, nikamwonyesha. Akafumba macho akainama, uso, masikio, kilemba, vyote vikaingia. Nilihisi vidole vyake vikinibana hadi mfupa. Alikaa kule chini muda mrefu kuliko nilivyotegemea, kisha akainuka, maji yakimtiririka usoni ikawa huwezi kujua yapi ni yapi.

"Ni kimya," alisema. "Mwaka mzima nilidhani Mbula alikuwa kwenye makelele. Kumbe ni kimya."

Akavuta pumzi, akarudi tena chini.